Nani Ana Ruhusa ya Kuondoka?

Sura ya Wanyarwanda katika kitabu cha Fiona Terry, *Condemned to Repeat?*, kilichochapwa mwaka 2002, inahusu kambi za Zaire. Kwa msomaji aliyekulia Ngara hilo linagonga macho kabla hata hajafika ukurasa wa pili wa sura. Goma ndiyo ilikuwa na kipindupindu, kamera na makaburi ya halaiki, kwa hiyo Goma ndiyo ikapewa sura. Lakini ni huku kwetu, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ambako karibu robo milioni ya watu walivuka daraja la Rusumo kwa takriban saa ishirini na nne na kutua Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Goma ilikuja Julai.

Sitaki kumshika Terry kwa kosa la jiografia. Kitabu chake ni kati ya vichache kuhusu kazi za misaada ambavyo nimevimaliza huku nikigombana navyo hadi mwisho, na hiyo kwangu ni sifa. Nasoma shahada ya uzamili, wenzangu wengi darasani wanalenga mashirika, nami pia, na kwa miaka miwili tumelishwa maandishi mengi kuhusu uongozi katika taasisi zenye wito. Mengi yana utamu wa soda: jitambue, linda moyo usichoke, jenga timu, kumbuka kwa nini ulianza. Terry hana muda na hayo. Anauliza swali moja gumu: utafanya nini siku utakapogundua kwamba kazi yako njema inawanenepesha wauaji?

Swali hilo halikutoka hewani. Terry alikuwa miongoni mwa viongozi wa tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières, lile shirika la madaktari wasio na mipaka, wakati tawi hilo lilipoamua kujitoa katika kambi za Wanyarwanda: Zaire mwezi Novemba 1994, kisha Tanzania mwezi Desemba. Sababu ilikuwa wazi. Waliopanga mauaji ya kimbari walikuwa wamevuka mpaka pamoja na watu wao, wakashika ugawaji wa chakula, wakakuza hesabu ya vichwa ili mgao uzidi, wakauza ziada na kuendelea kutawala. Hoja ya Terry ni kwamba misaada haiingii mahali patupu. Kambi inampa mpiganaji mahali pa kujificha, chakula cha kuuza, watu wa kuwaongoza na heshima ya kuitwa mwakilishi. Analionyesha hilo kwa Waafghani waliokuwa Pakistan, kwa kambi za Honduras na kwa Wakambodia waliokuwa Thailand, na anapofika kwa Wanyarwanda msomaji hana tena pa kukimbilia.

Benaco ilikuwa na mfano wake. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa wilaya ya Murambi nchini Rwanda, alikuwa kambini. Juni 1994 zilipofanyika juhudi za kumwondoa, umati wa maelfu uliwazingira wafanyakazi wa misaada. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kumpa kifungo cha maisha, ambacho rufaa ya 2012 ilikipunguza kuwa miaka 40. Mtu wa namna hiyo alikuwa jirani wa hema la dawa. Ukishajua hivyo, sentensi za Terry zinaacha kuwa nadharia.

Kinachoufanya ukosoaji wake uume zaidi ni sehemu anayoyageukia mashirika yenyewe. Anasema, kwa maneno yangu, kwamba shirika likishazaliwa hujifunza kujilinda. Linashindana kwa wafadhili, linapima mafanikio kwa tani na kwa idadi ya wagonjwa, na likipata shaka linakumbuka kwamba likiondoka jingine litachukua mkataba. Hapo ndipo kitabu kinapogeuka kuwa kitabu cha ajira, ingawa sijaona profesa akikifundisha hivyo. Mtu anayetafuta kazi ya wito angepaswa kusoma kurasa hizo kabla ya kuandika barua ya maombi.

Ngara yenyewe utaikuta katika andiko jingine la shirika hilohilo: mkusanyiko wa Laurence Binet kuhusu kambi za Zaire na Tanzania, 1994 hadi 1995. Ni kitu cha ajabu kusoma. Hakuna msimulizi wa kukushika mkono. Kuna kumbukumbu za vikao, faksi, taarifa kwa waandishi wa habari na mahojiano yaliyofanywa miaka baadaye, vyote vimepangwa kwa tarehe, na unaona watu wenye akili wakibishana bila kuafikiana. Tawi la Ufaransa linataka kutoka, matawi mengine yanataka kubaki na kushinikiza, na yatabaki hadi 1995. Kama ningelazimika kumpa kiongozi kijana andiko moja tu, ningempa hili kabla ya lile la Terry. Terry anajua jibu tayari anapoandika, wakati kwenye faksi bado hakuna anayelijua, na woga unaonekana hata katika namna mtu anavyoanza aya.

Nayaheshimu maandiko yote mawili, lakini yana tundu moja. Kitenzi chao kikuu ni kuondoka, na sauti zinazokinyambua ni za watu wenye kwao kwingine. Paris inaamua, kiongozi wa kambini anafunga mizigo, dhamiri inapumua. Ila mwaka 1994 nani alikuwa akipima mahindi? Nani alikuwa akiendesha malori ya maji, kutafsiri Kinyarwanda, kulinda ghala usiku? Watanzania wa Ngara, Biharamulo na Karagwe, pamoja na wakimbizi wenyewe. Kwao, siku shirika linapojitoa kwa kanuni ni siku mshahara unapokatika.

Baba yangu mdogo, mtu wa Murusagamba, alikuwa karani wa ghala. Alifanya kazi chini ya mashirika matatu ndani ya miaka miwili, na anazo bado fulana zake zenye nembo tatu. Ukimuuliza tofauti ilikuwa nini, anacheka na kusema kwamba ghala lilikuwa lilelile na funguo zilezile. Hajawahi kusikia kwamba kulikuwa na mjadala wa kimaadili. Nilipomweleza hoja ya Terry alisikiliza kwa makini, akauliza kama hao waliokuwa wakijadiliana walijua kwamba makarani walikuwa wanaona kila siku nani anachukua kadi kumi. Sikuwa na jibu, na vitabu vyenyewe havikunisaidia kulipata.

Swali lake ni la uongozi kuliko mengi niliyosoma darasani. Habari ambayo uamuzi wa kuondoka uliihitaji ilikuwa imekaa kwenye daftari la karani. Mashirika yaliyojiona yana wito yalimwona karani kama mkono tu. Mchambuzi Simon Turner, aliyefanya utafiti katika kambi ya Warundi ya Lukole, hukuhuku Ngara, anatoa picha kinyume: vijana wakimbizi walioajiriwa na mashirika wakawa wakubwa wapya wa kambi, kwa kuwa walijua lugha ya ofisi na waliweza kusimama kati ya mzungu na mtaa. Kwake ajira ndogo ya shirika ni madaraka. Nadhani ana haki, na nadhani Terry angefaidika kumsoma, ingawa kitabu cha Turner kilitoka baadaye, mwaka 2010.

Kuna na gharama ambayo kambini haikuonekana kabisa. Beth Whitaker, aliyetafiti vijiji vilivyowapokea wakimbizi magharibi mwa Tanzania, anaeleza jinsi watumishi wa serikali walivyoacha vituo vyao kwenda kwenye mashirika yaliyolipa vizuri zaidi. Huku nyumbani watu wazima wanasimulia jambo hilo bila hasira, kama unavyosimulia mwaka wa mvua nyingi. Mashirika yalikuja kuokoa maisha, na yaliokoa: vifo vya kipindupindu vilivyofyeka Goma kwa makumi ya maelfu havikutokea Ngara kwa kiwango hicho, na hilo ni sifa ya watu waliochimba vyoo na kusukuma maji. Ila mwalimu aliyeondoka shuleni kwenda kuhesabu mablanketi naye alikuwa ameondoka mahali. Hakuna aliyemwandikia kitabu kuhusu maadili ya kuondoka huko.

Mwishoni walioondoka kwa wingi kuliko wote hawakuulizwa. Desemba 1996 serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitoa tamko la pamoja kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kukimbilia upande wa pili, ndani zaidi ya Tanzania, wakageuzwa na askari kuelekea Rusumo. Karibu nusu milioni walivuka. Ningependa kusoma mjadala wa ndani wa wale waliotia saini tamko lile, kwa undani uleule ambao Binet ameutoa kwa madaktari. Huko ndiko kuna somo la kazi kwa yeyote anayeota kofia ya buluu: siku moja taasisi uliyoipenda itakupa karatasi.

Nilimsoma Terry kwa mara ya pili mwaka 2025, baada ya serikali ya Marekani kusimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, na nikaona kitabu kimezeeka mahali pasipotarajiwa. Terry aliandika akiamini kwamba kuondoka ni hatua ngumu inayohitaji ujasiri. Mwaka huo ilitosha amri kutoka Washington. Wahudumu wa miradi ya afya, watu wa rika langu wenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja, waliambiwa wasimamishe kazi. Hakuna aliyejadili kama misaada ilikuwa inamnenepesha mtu yeyote.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kitabu cha Terry kimepitwa na wakati. Kimepungukiwa, na upungufu wake sasa ndio unaofaa kusomwa. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilianza kwa ajili ya watu wa kambini. Kambi zikafungwa, redio ikabaki hewani, ikawa ya wenyeji. Huo nao ni uamuzi wa uongozi, na haumo katika sura yoyote ya Terry kwa sababu anawaona wanaoondoka kwa haki na wanaobaki kwa mazoea, basi. Kuna pia anayebaki kwa kuwa kazi imebadilika na bado inahitajika. Yeye anastahili kurasa zake.

Juzi rafiki amenitumia tangazo la kazi: afisa wa ufuatiliaji, miezi sita, kituo Kagera, mwombaji awe na moyo wa kujitolea. Nitaomba. Kwenye usaili huwa wanauliza mwishoni kama una swali, na wengi husema hapana. Mimi nitauliza mradi ukifungwa nani huwa anaambiwa kwanza, na kama daftari la ghala huwa linasomwa na mtu yeyote kabla ya hapo.