Kijagi cha Urefu wa Kidole Gumba

Kijagi changu cha kwanza nilikinunua Leipzig, kwenye soko la vitu vya zamani, kwa bei isiyofika ya chakula cha mchana. Kimo chake ni kidole gumba. Kina tumbo la mviringo, mdomo uliochongoka na kishikio chembamba kama uzi wa kushonea gunia. Nilikiweka dirishani, na jua la jioni lilipokipenya nikaona kiputo kimoja kimenasa ndani ya kioo, karibu na shingo, kimerefuka na kulala upande kufuata mzunguko wa mkono uliokitengeneza. Kumbe mzunguko ule ulikuwa umebaki humo miaka yote! Tangu siku hiyo sijatulia. Sasa ninavyo thelathini na vinne, vikiwemo bilauri za kunywea tone moja na vichupa vya manukato vinavyonikumbusha mrashi wa bibi yangu Unguja.

Hamu hiyo ndiyo iliyonipandisha Lauscha, mji mdogo katika milima ya Thuringia, ambako Hans Greiner na Christoph Müller walianzisha tanuri la kioo mwaka 1597. Vitu vidogo, hata hivyo, havitengenezwi kwenye tanuri kubwa. Hutengenezwa mezani, mbele ya ulimi wa moto. Zamani familia zilifanya kazi hiyo nyumbani kwa taa ya mafuta na mivukuto. Mwaka 1867 mji ukapata kiwanda cha gesi. Moto ukawa mkali na mtulivu, na kioo kikaweza kupulizwa chembamba zaidi.

Fundi niliyemtembelea ni mzee asiyependa maneno mengi. Alichukua mrija wa kioo mnene kama kidole, akaanza kuupasha pembeni mwa moto, kwa kuwa kioo baridi kikitumbukizwa ghafla kwenye joto kali hupasuka. Alikuwa akiuzungusha. Vidole vya mikono yote miwili vilikwenda mwendo mmoja, maana mkono mmoja ukichelewa kidogo tu, mrija hujisokota. Moto ukageuka manjano kwa sodiamu iliyomo ndani ya kioo. Ndiyo sababu huvaa miwani maalumu ya kuchuja mwanga huo, aone kioo chenyewe. Kilipolegea alikitoa motoni, akangoja kidogo, akavuta. Upande mmoja ukawa kijiti cha kushikia. Akaugeuza, akavuta na wa pili.

Kilichobaki katikati alikirudisha motoni hadi kikajikusanya na kuwa kinene. Akakitoa, akangoja tena. Huku kungoja ndiko nilikokuja kukutazama bila mwenyewe kujua. Kioo kikiwa laini mno, pumzi hukitoboa. Kikianza kuganda, hakitanuki sawasawa. Akapuliza, lakini si kwa mapafu. Alijaza mashavu tu, akasukuma pumzi tatu ndogo, na tumbo la kijagi likatokea, duara, jembamba, likiwa bado linazunguka.

Akalibonyeza chini kwa kibapa cha grafiti ili lipate kitako, akagandisha kijiti cha kioo kwenye kitako hicho, kisha akakata upande wa shingo. Mdomo akaupanua motoni kwa ncha ya grafiti, na kwa mguso mmoja akauchongoa.

Kishikio cha kwanza kilimshinda. Mwili ulikuwa umepoa kidogo kuliko ilivyotakiwa, na ufa ukapita kimya kutoka shingoni hadi kitakoni. Fundi alikiweka kando, akachukua mrija mwingine, akaanza upya pembeni mwa moto, kwa mwendo uleule.

Safari ya pili aliyeyusha ncha ya ufito mwembamba, akagusisha tone begani, akavuta juu, akapinda, akabandika mdomoni. Yote hayo kwa muda wa kutamka Bismillahi. Kijagi kikaingia kwenye tanuri la umeme lenye joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, lipoe polepole mpaka asubuhi, kwa sababu kioo kilichopozwa haraka hubaki na mkazo ndani na huweza kupasuka siku yoyote.

Ndipo nilipofungua pamba na kumwonyesha changu. Akakitazama kwa lenzi, moja kwa moja kwenye kishikio. Tone nene lilikuwa juu, mkia chini. Wakusanyaji wa majagi makubwa hutazama hapohapo: mafundi wengi wa zamani walianza juu na kushuka, na desturi ya kuanzia chini ikaenea nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa kitu kidogo namna hii sithubutu kutaja mwaka. Lakini fundi alikuwa ameona jambo jingine: kijishimo mahali mkia ulipobanwa. Akachukua kibano chake, akasogeza ncha hadi kwenye kijishimo. Ilikuwa pana kidogo. Akafungua mtoto wa meza, akaanza kutafuta kilicho chembamba zaidi.