Mkanda wa Picha 36

Saa kumi alasiri, ndani ya uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, mzee amesimama kando ya mlango wa misumari ya shaba, kamera ya Pentax K1000 ikimning'inia kifuani. Hapigi kitu. Mtoto wa jirani ameshamuuliza mara mbili: "Babu, hujapiga tu?"

"Bado."

Nami nimekaa barazani namtazama. Mwanzoni nilidhani anapumzika, kumbe kazi imeshaanza zamani. Kamera hizo zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na betri zake ni za kipima mwanga peke yake. Cha kwake kimekufa, hakukitengeneza. Mwanga anaupima kwa macho: kwa mkanda wa ISO 400, penye jua kali ni tundu la lenzi 16 na shata 1/500, kwenye kivuli cha uchochoro, 5.6 na 1/250. Kutoka mlangoni hadi ukuta wa pili ni hatua nne, kwa hiyo pete ya lenzi ameshaiweka kwenye mita tatu. Imebaki mtu apite pale.

Anamngoja muuza kahawa, ambaye vikombe vyake husikika vikigongana kabla mwenyewe hajakata kona. Mlio unakaribia, mzee hajitikisi. Kamera inapanda jichoni, kach! inashuka, kidole gumba kinavuta mkanda. Mara moja tu. Mimi na simu yangu ningekuwa nimeshapiga ishirini, zote mbaya. Kisha wanasalimiana, maana wanajuana miaka mingi, na mzee ananunua kahawa na kashata.

Usiku anaosha mkanda nyumbani. Kwenye giza totoro anauviringisha kwenye kigurudumu chake kwa kupapasa, anaufungia ndani ya kopo, ndipo taa inawashwa. Dawa anaitaka kwenye nyuzi 20, na maji ya bomba ya Unguja hayafiki huko bila barafu. Chupa inakaa kwenye beseni hadi kipimajoto kiridhike. Kila baada ya nusu dakika analipindua kopo taratibu, na hapo hasemeshwi.

Nilimsimulia habari ya Garry Winogrand, mpiga picha wa mitaani wa Marekani, ambaye alipofariki 1984 aliacha mikanda kama 2,500 aliyoipiga bila kuiosha. Akacheka: "Hiyo si subira, mwanangu. Hilo ni deni."

Asubuhi mkanda ulikuwa umekauka kwenye kamba ya nguo. Aliuinua dirishani, akaupitia kipande kwa kipande, akachagua picha nne za kusafisha. Ya muuza kahawa haikuwamo: mguu wa nyuma ulikuwa umefichwa na baiskeli ambayo sote wawili hatukuiona.

Alasiri ile nilimkuta kwenye mlango uleule, 5.6 na 1/250. Baiskeli alikuwa ameshaomba iondolewe.