Lous, binti wa Lubumbashi asiyeimba Kiswahili

Kila tukikutana hapa Brussels swali hili hurudi: huyu mwanadada anayejiita Lous and the Yakuza ni wetu au si wetu? Jina lake ni Marie-Pierra Kakoma. Alizaliwa mwaka 1996 Lubumbashi, jiji la watu wanaonunua, kutongoza na kugombana kwa Kiswahili, lakini anaimba Kifaransa. Wazee wetu humkumbuka Jean Bosco Mwenda na "Masanga" yake iliyorekodiwa mwaka 1952, kisha wanatikisa vichwa.

Wanasahau jambo moja. Mama yake ni Mnyarwanda, na vita vilipozuka mwaka 1998 Lubumbashi haikuwa tena mahali pa kukaa mtu kama yeye. Mtoto alifika Ubelgiji mwaka 2000. Kiswahili hakukiacha kwa maringo.

Isikilizeni albamu yake ya kwanza, "Gore" (2020), mkiwa Gare du Nord. Upande mmoja wa kituo kuna minara ya ofisi. Upande wa pili ni mtaa wa Aerschot, ambako wanawake hukaa madirishani wakingoja wateja, na nyuma yake mtaa wa Brabant na maduka yake ya vitambaa na masufuria. Ndani ya kituo wapo watu waliolala sakafuni. Lous naye aliwahi kukosa makazi jijini humu, kabla ya kibao "Dilemme" kumtoa mwaka 2019. Hatusemi kwamba alilala hapa. Tunasema analiimba jiji kama linavyoonekana na mtu asiye na ufunguo mfukoni.

Utamu wake, kwa maoni yetu, ni sauti isiyolia. "Quatre heures du matin" unahusu ubakaji, lakini hapandishi sauti hata kidogo. Anasema kama mtu anayetoa ushahidi. Mapigo ya El Guincho, mtayarishaji Mhispania aliyefanya kazi na Rosalía, yanakwenda laini kiasi kwamba mguu unaanza kucheza wenyewe. Maana hukufikia baadaye, na ule mguu ukauonea haya. Halafu kuna "Dans la hess". Hess ni neno la vijiweni, lile ambalo vijana wa Dar wangeliita msoto, naye analitamka bila kuomba huruma.

Kwa hili yuko karibu na wapiga gitaa wa Katanga kuliko wazee wanavyodhani. Nao walisimulia shida za mjini juu ya gitaa la kuchangamsha.

Kasoro zipo. Nyimbo kumi za albamu hiyo zinakaribiana mno kwa mwendo, na mahali pengine ung'avu wa studio unayafunika maneno. "Iota" ya mwaka 2022 inaegemea zaidi mapenzi, na sisi haikutushika vilevile. Asiyemjua aanze na "Solo", unaozungumzia kuwa mtu mweusi. Ausikilize mara mbili, mara ya pili bila kutikisa kichwa.