Sifa za Sauti ya Pili

Kijana mwenye kipaji huko Bisibo, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, husikia kila siku kwamba muziki ni kutoka: upate biti, uingize sauti, jina lako lisikike Dar es Salaam. Siilaumu tamaa hiyo. Pasipo hamu ya kusikika nyimbo nyingi zisingetungwa. Lakini ufundi ninaouona unastahili sifa kuliko wote hautangazi jina la mtu. Ni kuimba sauti ya pili, ile inayotembea pamoja na sauti kuu bila kuifunika. Hapo ndipo mwanamuziki hukomaa, na nje ya urafiki sioni ufundi huo unavyoweza kufundishika.

Itazame kazi yenyewe. Anayeimba alto kwenye kwaya ya parokia hupewa noti ambazo peke yake hazivutii. Huja kupata maana soprano inapopita juu yake. Lazima amsikie mwenzake huku akishika njia yake, apumue pale mwenzake asipopumua ili mstari usikatike, apunguze sauti mahali ambapo mwingine anatakiwa kung'ara. Kwenye dansi ni vivyo hivyo. Gitaa la rithim hurudia mapigo machache dakika nzima, besi ikijibu, solo likipita katikati. Mwenye rithim akichoka na kuanza kujionyesha, solo halina pa kukanyaga. Uvumilivu wa namna hii mtu haufanyi kwa ajili ya makofi. Huufanya kwa sababu anamtakia mema aliye pembeni yake. Tena ni rafiki tu anayeweza kukuambia umeshuka nusu toni, nawe kesho ukarudi mazoezini.

Kundi la Sauti Sol la Nairobi ni ushahidi mzuri. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walitoka shule moja, Upper Hill, wakaanza mwaka 2005 kwa kuimba bila ala. Polycarp Otieno akaja na gitaa lake. Albamu yao iitwayo Mwanzo ilitoka 2008, na walidumu pamoja hadi 2023 walipotangaza mapumziko. Ala ziliongezeka, fedha pia, lakini utamu wao ulibaki kwenye sauti zinazoshikana.

Mtu ataniuliza: mbona bendi huvunjika? Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, waliunda Simba Wanyika mwaka 1971, na 1978 wenzao kadhaa wakajitoa na kuanzisha Les Wanyika. Sidhani kuachana huko kulikuwa kwepesi. Hata hivyo, wasikilize Les Wanyika: magitaa bado yanapeana nafasi kwa adabu ileile. Waliondoka na walichojifunza wakiwa pamoja.

Mwingine atamtaja Saida Karoli, binti wa Kagera hii hii, ambaye mwaka 2001 aliwachezesha kwa Kihaya watu wasiojua hata neno moja la lugha hiyo. Alivuma kwa jina lake, ndiyo. Lakini ondoa ngoma na waitikiaji, uone wimbo wake Maria Salome unabaki na nini. Hata Diamond Platnumz alipoufufua wimbo huo mwaka 2016 alimwita Rayvanny waimbe wote. Kompyuta nayo huweza kuirudufu sauti moja mara nne, ila huurudufu na udhaifu wake. Haina sikio la kupinga.

Wazazi wana hofu yao: wavulana na wasichana wakikutana jioni, muziki utageuka mapenzi. Wengine watapendana, kweli, na nyimbo zetu nyingi zimezaliwa huko. Ila mazoezi yana ukali wake. Anayemwimbia mpenzi wake akausahau wimbo hugundulika kabla ya ubeti wa pili, na wenzake hawamwachi. Kwangu mimi ni afadhali kijana ajifunze kupenda mahali anapolazimika kumsikiliza mwenzake.

Basi walimu, wazee wa makanisa na viongozi wa kata, waachieni vijana madarasa baada ya masomo. Gitaa moja na sauti nne zinatosha kuanza. Nawe kijana wa Bisibo, kabla ya kuhangaikia nauli ya kwenda studio, tafuta mwenzio wa kuimba naye.