Rosa Mistika na kweli ya fimbo

Kutoka Butimba kwenda Nyegezi si mbali. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alisoma katika seminari ya Nyegezi kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Rosa Mistika mwaka 1971. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kuzungumza waziwazi mambo ya ngono. Siku hizi wengi wanaisoma kama onyo kwa wasichana: mwone Rosa alivyoharibika, usiwe kama yeye. Kwangu mimi, usomaji huo unarudia kosa lilelile ambalo kitabu kinalisema.

Tuanze na baba, Zakaria. Anagundua barua ya mvulana, anamcharaza binti yake. Jambo analolidai si baya; mzazi gani hataki mwanawe atulie asome? Lakini Zakaria mwenyewe ni mlevi, na nyumbani kwake kweli haina mdomo mwingine zaidi ya fimbo. Rosa anajifunza kuogopa na kuficha, basi. Akifika chuoni, mbali na macho ya baba, hana mtu wa kumuuliza lolote.

Mama yake, Regina, ni mpole. Anavumilia na kunyamaza. Simlaumu sana, maana naye anapigwa. Ila upole usiosema kitu umemwacha Rosa mpweke vilevile.

Halafu anakuja Charles, mchumba. Akijua yaliyopita, anamwacha, na Rosa anajiua. Kinachouma ni kwamba Charles hajasingizia mtu. Anachokijua ni kweli tupu, na kweli hiyo inaua.

Yohana 1:14 inaziweka neema na kweli ndani ya mtu mmoja. Wahubiri wengi huzigawa kama dozi: ukali kidogo, huruma kidogo. Lakini tazama sura ya nane, yule mwanamke aliyeletwa apigwe mawe. Kwanza hukumu inaondolewa, ndipo anaambiwa aache dhambi. Anaambiwa akiwa salama, kwa hiyo anaweza kusikia. Katika riwaya hii hakuna hata mmoja anayefuata mpangilio huo.

Kitabu kina udhaifu wake. Rosa anageuka haraka mno, kutoka kuogopa wanaume hadi kutojali kabisa, na msomaji anatamani kukaa naye zaidi hapo katikati. Hata hivyo kinabaki hai, kwa sababu bado yapo makanisa ambayo binti wa kwaya akipata mimba anatengwa, huku kijana aliyempa akiendelea kupiga kinanda Jumapili. Novemba 2021, miaka 50 baada ya Rosa Mistika, serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito warudi darasani. Kumrudisha binti darasani hakukufuta yaliyotokea. Kulimpa tu mahali pa kuendelea kuishi nayo. Rosa alihitaji hicho tu: nyumba moja ambamo angeweza kusema ukweli wake na bado akakaribishwa kula.