Muhuri wa SIRI haugeuzi uvumi kuwa ukweli

Fikiria uko maktaba, mbele yako faili la polisi wa kikoloni, na juu yake muhuri: SIRI. Moyo unadunda. Eti sasa utaujua ukweli wote! Hapo ndipo wengi wetu tunaosoma historia tunapoteleza. Mimi mwenyewe, kwenye rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu, nilimnukuu mtoa taarifa kana kwamba nilikaa naye benchi moja mkutanoni.

Tuchukue Tabora, Januari 1958. TANU ilikutana pale kuamua jambo zito: ishiriki au isusie uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere akawashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake. Miaka ile Special Branch, kitengo cha upelelezi cha polisi, kilikuwa kinaifuatilia TANU kwa karibu. Basi kwa nini tusisome tu ripoti zao, tukamaliza?

Kwanza, mafaili yamechujwa. Mei 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka za kuiaibisha serikali yake, au za kuwafichua watoa taarifa wa polisi, zisikabidhiwe kwa serikali mpya za Waafrika. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa. Kuwepo kwa hizo zilizosafirishwa kulikuja kukiriwa hadharani mwaka 2011, kwenye kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London. Leo ziko Kew, fungu la FCO 141, za Tanganyika zikiwemo. Unachosoma ni mabaki.

Pili, kila ripoti ina safari yake. Nitoe mfano wa kutunga: mtu anasema kwa Kiswahili, "Wazungu wataondoka." Mtoa taarifa anamsimulia askari. Askari anaandika, "Wazungu waondolewe." Ofisa anatafsiri kwa Kiingereza, na sasa ni tishio la kuwafukuza kwa nguvu. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini maneno yamebadilika. Ongeza kwamba mtoa taarifa akileta "hakuna jipya" kila wiki, bosi atamwona hana faida.

Sasa kuna wenzetu wanaoruka upande wa pili: hao ni wanoko, tupa kule. Nao nawapinga, na ushahidi wangu uko hapo hapo Tabora. Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari wa pwani, Erhardt na Rebmann, walichora ramani kwa kuwahoji wasafiri wa misafara. Kila njia iliishia kwenye maji, wakahitimisha kuwa bara kuna ziwa moja kubwa mno. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza kuwa ni maziwa matatu tofauti. Mwaka uliofuata Speke akaenda kaskazini, akaliona lile la Ukerewe kwa macho yake. Wasafiri walisema kweli juu ya maji waliyoyaona. Aliyeyaunganisha ni mchora ramani.

Basi ukishika faili, jiulize: nani aliuliza, kwa hofu gani? Nani alitafsiri? Nani hakuonekana kabisa? Susan Geiger alipokaa na akina mama wa TANU akasikiliza maisha yao, alikuta harakati nzima ambayo nyaraka ziliipita kama haipo. Faili linatuonyesha vizuri zaidi hofu ya aliyeliagiza.

Ujerumani, baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, sheria ya 1991 iliwapa raia haki ya kusoma mafaili yao ya Stasi, polisi wa siri wa upande wa kikomunisti. Aliyeandikwa anaweza kusoma na kusema, "Hapa mmenisingizia." Kwetu wengi walioandikwa wameshafariki, na mafaili yako ng'ambo. Kwa hiyo mwenye kalamu ni wewe na mimi. Ukimwita babu wa mtu kibaraka kwa mstari mmoja wa ripoti, wajukuu zake wako Tabora, na hawana nauli ya kwenda Kew kukukanusha. Kabla hujaandika, nenda kawaulize.