Chini ya Rangi ya 504

Gari likikaa Kilindini miaka mingi, bahari hudai fungu lake. Upepo wa chumvi hupenya kwenye mifereji ya milango, chini ya kapeti, nyuma ya raba ya kioo cha mbele, ukatulia humo ukila bati polepole. Ndiyo maana mwenye Peugeot 504 akiileta gereji Shimanzi na kusema anataka rangi tu, fundi wa bodi mzoefu hamjibu haraka. Huchukua bisibisi, akaigeuza, akaanza kugongagonga chini ya milango kwa mpini. Bati zima hulia. Lililooza humeza mlio.

Wamarekani wana Mustang zao, na hawakosi sababu ya kujivuna. Lakini mwaka 1964 walituletea Mercury Comet kwenye Safari Rally, injini kubwa na kishindo kikubwa, na aliyeshinda akawa Ford Cortina. Sisi fahari yetu ni 504. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikaja kuunganishwa papa hapa Mombasa katika kiwanda cha AVA. Ilishinda Safari mwaka 1975, na ile ya milango miwili ikarudia mwaka 1978. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo meli zinazoshusha magari ya Japani hapo bandarini hazitatuletea nyingine. Zilizopo ndizo hizo.

Kazi huanza kwa kubomoa. Kutu hukatwa mpaka lifikiwe bati safi, hata kama tundu litamtisha mwenye gari. Kiraka hupimwa kwa karatasi, kikachomelewa nukta moja hapa, nyingine kule, kitambaa cha maji kikiwa mkononi, maana moto ukizidi bati hujikunja na kulinyoosha tena ni shughuli ya siku nzima.

Mtihani hasa ni kifuniko cha buti. Cha 504 kina mkunjo wake: huenda sawa, kisha huvunjika ghafla kuteremkia taa za nyuma. Fundi mvivu huufukia kwa puti, ukavimba. Stadi huweka chuma cha kukingia kwa ndani, nyundo kwa nje, akapiga vipigo vidogo vidogo, halafu akafumba macho na kupitisha kiganja. Kiganja hugundua bonde lililolipita jicho. Puti ikija, huja nyembamba kama siagi kwenye mkate wa mwisho wa mwezi. Juu ya praima hupuliza ukungu wa rangi nyeusi, kisha akasugua kwa msasa wa maji. Panapobaki doa jeusi pana shimo, na kazi inarudiwa mpaka weusi uishe.

Rangi yenyewe hupulizwa alfajiri, kabla malori ya bandarini hayajaamsha vumbi. Siku ya mvua hakuna kazi, kwani unyevu huipausha. Mwenye gari akipiga simu ataambiwa kesho, na kwa mara moja kesho ya fundi ni ya haki.

Ndani ni zamu ya fundi wa viti. Hararui kitambaa kikuukuu. Hukata uzi mmoja mmoja, kwa sababu kile cha zamani ndicho kipimo cha kipya. Mbao nyembamba za milango, zilizofura kwa unyevu, huchorwa upya, kila tundu la skrubu mahali pake. Dari humtesa zaidi. Kitambaa hushonewa mifuko ya kupitishia vyuma vyembamba, kikavutwa kutoka katikati kwenda pembeni, na kunyanzi moja tu humrudisha mwanzo. Nani ataitazama dari? Yeye ataitazama.

Ikiwa una 504 aliyokuachia mzee, usimuulize fundi bei ya rangi kwanza. Mwambie akuoneshe bati kabla halijapakwa puti. Akikubali, mpe muda anaoutaka. Akikataa, chukua gari lako uende.